Mzabibu-mwitu wa Rhine hauhitaji uzio, unahitaji mafuriko

Ukitaka kuujua mzabibu-mwitu, anza na ua lake. Huchanua mwezi Juni, na ua lenyewe ni dogo, la kijani, halina rangi ya kumsimamisha mpita njia. Liweke chini ya kioo cha kukuzia. Ikiwa mmea ni jike, utaona stameni, yaani vijiti vya kiume vinavyobeba chavua, zimejikunja na kuinamia chini, na chavua yake ni tasa. Kilichonona ni ovari iliyoko katikati. Ikiwa ni dume, stameni zimesimama wima, ndefu, zimejaa chavua, na mahali pa ovari pana kinundu tu ambacho hakitakuwa tunda hata siku moja. Mmea jike peke yake hauzai. Dume peke yake hauzai. Lazima iwepo miwili, iwe jirani, na ichanue siku zilezile.

Sasa tazama ua la mzabibu wa shambani: stameni wima na ovari hai, vyote ndani ya ua moja. Maelfu ya miaka iliyopita watu waliuona mmea unaozaa bila mwenzi, wakakata tawi lake, wakalipanda nyumbani. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2023, uliosoma jenomu, yaani jeni zote, za mizabibu 3,525, uliirudisha hatua hiyo ya kufuga mzabibu nyuma hadi kiasi cha miaka 11,000, na ukaikuta imetokea mara mbili, huko Asia Magharibi na huko Caucasus. Karibu zabibu zote za sokoni, za kula, za kukausha na za mvinyo, zimetoka kwenye tawi hilo la ukoo. Tawi lingine lilibaki msituni likiparamia miti kando ya mito, na leo ni miongoni mwa mimea adimu kabisa ya Ulaya ya kati.

Ninaliandikia tawi hili lililobaki msituni kwa sababu naona linalindwa kwa njia isiyolifaa. Sheria ya Ujerumani inakataza kulikata au kuling'oa. Bustani za mimea zinalitunza. Miche yake inapandwa upya kwenye kingo. Yote hayo ni mema. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo linalorudisha kile kilichoufanya mmea huu uwepo kando ya mto: maji yanayopanda, yanayovunja, yanayoacha tope na kuondoka.

Jina lake la kisayansi ni Vitis vinifera, nususpishi sylvestris. Aliyeuandika kama mmea wa pekee ni Carl Christian Gmelin, mwanabotania wa Karlsruhe, mwaka 1805, katika kazi yake juu ya mimea ya Baden na Alsace, upande wa Ujerumani na upande wa Ufaransa wa mto Rhine. Wakati ule bonde la Rhine ya juu halikuwa na mkondo mmoja. Lilikuwa na mikono mingi ya mto inayogawanyika na kuungana tena, visiwa vinavyozaliwa na kufa, kingo za changarawe zenye mierebi na mipopla, na mialoni pale ardhi ilipoinuka kidogo. Theluji ya milima ya Alps ilipoyeyuka, maji yalipanda na kuingia msituni, yakakaa siku au wiki kadhaa, yakarudi yalikotoka.

Mzabibu-mwitu ni mmea wa kuparamia wenye shina gumu la mti. Hauwezi kusimama peke yake. Hujishika kwa nyuzi zinazotoka shinani mkabala na majani, vifundo viwili vyenye uzi na cha tatu bila, kisha mtindo huo unajirudia hadi juu. Mche hushika kichaka, baadaye mti mchanga, na hupanda pamoja na mti huo unavyorefuka. Baada ya miongo kadhaa majani yake yako kileleni, mita 20 au zaidi kutoka ardhini, na chini limebaki shina tupu lenye maganda yanayochanika vipande virefu, linaning'inia kama kamba ya nanga. Matunda yake ni madogo, meusi yenye kuelekea buluu, makali kwa uchachu, na ndani mna mbegu nene za mviringo zenye ncha fupi. Wanaakiolojia huzitambua mbegu hizo kwa umbo tu, kwa kuwa za shambani zina ncha ndefu zaidi.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Husema mmea huu unapenda maji, basi wakiuona umepungua hutafuta mahali penye unyevu wa kutosha na kuupanda hapo. Lakini huko Ufaransa na Hispania mzabibu-mwitu huota pia kwenye miteremko ya mawe, mbali na mto wowote. Unachokipata mtoni si maji peke yake. Mche wake hauvumilii kivuli. Chini ya msitu uliofunga majani juu hauna maisha. Unahitaji mahali ambapo mti umeanguka, ukingo umemeguka, mwanga umefika chini, na juu ya ardhi pana tope jipya ambalo bado halijatawaliwa na magugu. Mto unaofurika hutengeneza mahali pa namna hiyo kila mwaka, kidogo huku na kidogo kule. Mto uliotulia hautengenezi kitu.

Mwaka 1817, miaka 12 tu baada ya Gmelin kuuandika, mhandisi Johann Gottfried Tulla, naye mtu wa Karlsruhe, alianza kuunyoosha mto. Kazi iliendelea hadi 1876, muda mrefu baada ya yeye mwenyewe kufariki. Mapindo yalikatwa, mikono ya pembeni ikazibwa, matuta yakainuliwa kando. Kati ya Basel na Bingen mto ulifupishwa kwa kilomita 81. Mto mfupi zaidi hukimbia zaidi, na mto unaokimbia huchimba kitanda chake. Kiwango cha maji kikashuka, na maji ya chini ya ardhi yakashuka nacho.

Sitamlaumu Tulla kwa wepesi. Vijiji vilikuwa vinasombwa, mashamba yanafunikwa changarawe, malaria imekaa bondeni kama mwenyeji. Ningekuwa mkulima wa ukingoni mwaka 1817, ningebeba jembe nikaenda kusaidia. Ninachosema ni kwamba gharama ilionekana mapema, na palikuwepo aliyeiona. Johann Philipp Bronner, mfamasia wa Wiesloch aliyejitolea maisha yake kwa zabibu, alizunguka misitu hiyo na mwaka 1857 akachapisha kazi juu ya zabibu za mwitu za bonde la Rhine. Aliikuta mizabibu mingi, ya namna mbalimbali, na aliiandika akijua kwamba misitu yenyewe inaondoka. Watunza misitu nao walikuwa na lao: mmea unaoparamia huharibu umbo la mti wa mbao, kwa hiyo ulikatwa shinani popote ulipoonekana. Baadaye yakaja mabwawa ya umeme, kumi kwa mfuatano kutoka Basel kwenda chini, la mwisho likiwa Iffezheim mwaka 1977. Juu ya Iffezheim sehemu kubwa ya msitu wa kale ilitengwa na mto nyuma ya matuta na mifereji.

Kisha kuna mdudu, na sehemu hii ndiyo inayonigusa kuliko zote.

Miaka ya 1860 mizabibu ya kusini mwa Ufaransa ilianza kukauka bila sababu ya kuonekana. Mwaka 1868 Jules Émile Planchon na wenzake walichimba mizizi na kumkuta filoksera, mdudu mdogo wa manjano anayefyonza mizizi, aliyeletwa bila kukusudiwa pamoja na miche kutoka Marekani. Mizabibu ya Ulaya, ya shambani na ya mwitu, haikuwa na kinga dhidi yake. Mashamba mengi ya nchi hiyo yalikufa.

Dawa zilijaribiwa, nyingine ghali, nyingine zenye sumu kwa mtumiaji mwenyewe. Lakini Louis Faucon, mkulima wa Graveson, kusini mwa Ufaransa, aliona jambo: akiliingiza maji shambani wakati wa baridi na kuyaacha yasimame, mdudu anazama na mzabibu unabaki hai. Siku 40 hivi zilitosha. Wenye mashamba ya tambarare karibu na mito waliiga, wakajenga matuta ya kuzuia maji yasitoke, kinyume kabisa na matuta ya kuyazuia yasiingie.

Weka hadithi ya Faucon kando ya hadithi ya Tulla. Mafuriko, ambayo wakulima wa Rhine walikuwa wamefanya kazi miaka 50 kuyafukuza, ndiyo yaliyomshinda mdudu ambaye hakuna kemikali iliyommudu kikamilifu. Na katika misitu ya kando ya mito mafuriko hayo yalikuwa yanafanya kazi hiyo bure. Watafiti wa Hispania waliochimba mizizi ya mizabibu-mwitu kwenye kingo zinazofurika hawakumkuta filoksera humo, ingawa majani ya mimea ileile yalikuwa na ukungu na utitiri. Ukikausha ukingo huo, unakuwa umeufungulia mlango adui yake.

Suluhisho lililoshinda katika biashara halikuwa maji bali kubebesha: tawi la mzabibu wa Ulaya linabebeshwa juu ya shina la mzabibu wa Marekani, ambao mizizi yake imezoeana na mdudu. Moja ya spishi zilizotumika zaidi inaitwa Vitis riparia, na maana ya jina ni mzabibu wa ukingo wa mto. Kwa maneno mengine, mmea wa kingo za mito ya Marekani uliokoa mashamba ya Ulaya. Lakini mashamba yalipotelekezwa, mashina hayo ya kubebeshea yalichipua yenyewe, yakatoroka, yakashuka hadi mitoni. Leo kando ya mito mingi ya Ulaya mzabibu unaouona umefunika vichaka, mnene na wenye afya, mara nyingi ni wa Kimarekani au chotara wake. Una kinga, unakua haraka, na unashika nafasi ambayo wa kienyeji ungeihitaji. Mtu asiyezoea hupita na kusema, mbona mizabibu-mwitu imejaa hapa?

Uchotara una njia nyingine ya kimya zaidi. Kumbuka ua la jike lenye chavua tasa. Ikiwa dume wa karibu alikatwa miaka 80 iliyopita, jike huyo hachagui: hupokea chavua yoyote inayoletwa na upepo au mdudu, na chavua iliyo tele katika mabonde hayo ni ya mashambani. Matunda yatatoka, ndege watayala, mbegu zitaota, na kitakachoota hakitakuwa mzabibu-mwitu tena. Katika makundi madogo yaliyobaki hali nyingine ni mbaya zaidi: wamebaki madume watupu, wanachanua kila mwaka kwa uzuri na hakuna kinachofuata.

Wanaoutetea mmea huu mbele ya wenye fedha hutumia hoja ya faida, na hoja hiyo ina ukweli. Mzabibu wa shambani huzalishwa kwa vipandikizi vya matawi, si kwa mbegu. Aina inayopendwa hubaki ileile kwa karne nyingi, huku magonjwa yakiendelea kubadilika. Ubwiri unga ulipoingia Uingereza mwaka 1845 na ubwiri vinyoya ulipoingia Ufaransa mwaka 1878, yote miwili kutoka Marekani, mizabibu ya Ulaya ilisimama mikono mitupu, na tangu hapo mkulima amekuwa mtu wa kupuliza dawa msimu hadi msimu, kuanzia ule mchanganyiko wa shaba na chokaa wa Bordeaux wa mwaka 1885, ambao bado unatumika. Kinyume chake, kila mzabibu-mwitu umetoka kwenye mbegu yake na ni tofauti na jirani yake. Watafiti wa chuo cha teknolojia cha Karlsruhe wamekuta kwamba baadhi ya mizabibu-mwitu ya Rhine hutengeneza kwa wingi kemikali za stilbeni inaposhambuliwa na ukungu, kinga ambayo kwenye aina nyingi za shambani ni dhaifu.

Naikubali hoja hiyo, ila naiogopa. Ukisema thamani ya mmea ni jeni zake, atatokea mtu na kukuambia: basi chukua vipandikizi, vipande bustanini, kazi imeisha. Na ndivyo ilivyofanyika kwa kundi la Ketsch, kisiwa kilichopo kwenye Rhine karibu na Schwetzingen, ambako ndiko kwenye moja ya makundi makubwa ya mwisho nchini Ujerumani. Mimea ya kundi hilo ina nakala zake katika bustani ya mimea ya Karlsruhe. Nashukuru kwamba zipo. Moto au ugonjwa ukiingia kisiwani, hatutabaki na picha tu. Lakini nakala ni nakala. Bustanini hakuna jike anayetafutwa na chavua ya dume wa ng'ambo, hakuna mche unaokufa kivulini ili wenzake wenye nguvu wabaki, hakuna ukungu mpya unaokutana na mbegu mpya. Tabia ileile tunayoisifu, kwamba kila mmoja ni tofauti, hutokana na mbegu zinazoota. Tukizisimamisha mbegu tumeufanya mzabibu-mwitu uwe kama wa shambani: matawi yaleyale, miaka yote.

Miche iliyopandwa upya kingoni inaonyesha jambo hilohilo kwa njia nyingine. Ikitunzwa na kuzungushiwa wavu dhidi ya wanyama kama paa, mingi hushika na kupanda. Inayokosekana ni kizazi cha pili. Kwenye Rhine mche uliojiotea wenyewe ni kitu cha nadra, hata pale ambapo wazazi wa jinsia zote mbili wapo na matunda yanaiva.

Ketsch ina bahati moja ambayo nadhani haitajwi vya kutosha: iko chini ya Iffezheim. Hapo mto hauna bwawa, na maji yakipanda yanaingia kisiwani yenyewe. Sidhani kama ni ajali kwamba kundi limesalia hapo.

Austria nako kuna somo, na lina pande mbili. Desemba 1984 maelfu ya watu waliweka kambi katika msitu wa Hainburg, mashariki ya Vienna, kwenye baridi kali, kuzuia bwawa la umeme kwenye Danube. Polisi walitumwa, watu waliumia, na hatimaye Kansela Fred Sinowatz akasimamisha kazi kwa kile kilichoitwa amani ya Krismasi. Bwawa halikujengwa. Mwaka 1996 mahali hapo pakawa Hifadhi ya Taifa ya Donau-Auen, na ndani yake lipo kundi kubwa kuliko yote la mizabibu-mwitu nchini humo. Huo ni ushindi, na walioupata walilala kwenye theluji kwa ajili yake. Lakini Lobau, sehemu ya hifadhi iliyo ndani ya mipaka ya Vienna, imetengwa na Danube kwa tuta kufuatia kazi ya kuunyoosha mto iliyoanza miaka ya 1870. Mikono ya kale ya mto inajaa matope na kukauka polepole. Hifadhi ya taifa ipo, walinzi wapo, vibao vipo, na msitu wa mto unaendelea kugeuka kuwa msitu wa nchi kavu.

Kwa hiyo ninaposikia mjadala wa mabonde ya kuhifadhia mafuriko katika jimbo la Baden-Württemberg, nausikia kama mjadala wa mzabibu-mwitu, ingawa mmea hautajwi sana humo. Mpango wa jimbo ni maeneo 13 kandokando ya Rhine, mengi yake misitu iliyokaushwa na kazi za zamani, ambayo maji yatafunguliwa yaingie pale mto unapotishia miji ya chini. Tatizo lilijulikana mapema: msitu ambao haujaona maji kwa miongo hauwezi kuyavumilia yanapokuja kwa kishindo mara moja katika miaka kumi. Miti isiyozoea hufa, wanyama hawajui pa kukimbilia. Ndiyo maana wahandisi na wanaikolojia walikubaliana kufungua maji mara kwa mara, kidogo kidogo, hata pasipo hatari yoyote ya mafuriko, ili msitu ujifunze upya. Kwenye mabonde ya Altenheim, kusini ya Kehl, jambo hilo limefanyika tangu mwishoni mwa miaka ya 1980.

Upinzani unatoka kwa wakazi wa karibu, na si wa kupuuzwa. Wanaogopa maji kuingia kwenye vyumba vya chini vya nyumba zao, wanaogopa mbu, na wanaupenda msitu wao kavu ambao babu zao walitembea ndani yake. Baadhi wamependekeza maji yaingizwe kwenye mifereji ya kale peke yake, yasitandazwe msituni. Nimelipima pendekezo hilo kwa upande wa mmea huu na siwezi kuliunga mkono. Maji yaliyofungiwa mferejini hayaachi tope sakafuni mwa msitu, hayaangushi mti, hayamfikii filoksera kwenye mizizi. Kwa mzabibu-mwitu ni kama hayakuja. Visima na pampu za kushusha maji karibu na nyumba ni gharama ambayo serikali inapaswa kuilipa bila kubishana, na mkazi apewe hakikisho la maandishi kabla lango la kwanza halijafunguliwa. Baada ya hapo maji yaingie msituni.

Ningependa pia namna ya kuhesabu mafanikio ibadilike. Ripoti za upandaji husema miche mingapi imepandwa na mingapi iko hai baada ya miaka kadhaa. Hesabu hiyo hupima kazi ya watunzaji. Mimi ningetaka mtu aende msituni mwaka wa tatu baada ya maji kuanza kuingia, apige magoti kwenye tope lililokauka mahali ambapo mwanga unafika, atafute mche ambao hakuna aliyeupanda, achukue jani moja dogo lipimwe kama wazazi wote wawili ni wa msituni. Akiukuta, aweke alama kwenye mti mchanga ulio jirani, mwerebi au mpopla, mtu asije akaukata, maana ndio utakaoupandisha juu.